Kiti Kikibaki Wazi, Arvada na Magarini

Wakenya wengi tunaoishi Marekani tuna tabia inayonichosha. Tukipiga simu nyumbani, kila cha huku ni kizuri, na siasa ndiyo nzuri kupindukia. "Huku sheria inafuatwa, mjomba." Ni kweli inafuatwa. Lakini sheria inaweza kufuatwa neno kwa neno na mwananchi bado akabaki nje ya mlango. Nililiona hilo hapa Colorado mwaka 2013, ugomvi wa bunduki ulipopamba moto.

Kwa asiyeufahamu: Julai 2012 kijana mmoja aliingia ukumbi wa sinema mjini Aurora akaua watu 12. Desemba hiyo hiyo, kule Connecticut, wakauawa watoto 20 na watu wazima 6 katika shule ya Sandy Hook. Machi 2013 gavana wa Colorado, John Hickenlooper, akatia saini sheria mpya. Magazini za kubeba zaidi ya risasi 15 zisiuzwe tena, na anayenunua bunduki, hata kwa mtu binafsi, rekodi yake ichunguzwe kwanza.

Mkenya akisikia hivyo huuliza, basi tu? Kwetu bunduki ya raia ni ya leseni, unaiomba kwa bodi na kueleza unaitakia nini. Mimi nimekulia Magarini, kaunti ya Kilifi, na sikuwahi kumjua jirani hata mmoja mwenye nayo. Bunduki ilikuwa ya polisi, au ya mlinzi wa mheshimiwa.

Hapa ni haki ya kikatiba, na watu wameishikilia kwa meno. Nina jirani, fundi bomba mstaafu, mtu mwema sana, theluji ikianguka huniondolea na yangu bila kuombwa. Siku moja alinifungulia kabati la chuma gereji akanitolea bunduki zake moja moja, kama babu anayekuonyesha picha za wajukuu. Hii ya babake, alikuwa akiwinda nayo milimani. Hii alimnunulia mwanawe alipotimiza miaka kumi na miwili. Akaniambia serikali ikishajua anazo ngapi, iko siku itakuja kuzibeba. Mimi sikubaliani naye hata kidogo, na sheria ile ningeipigia kura mchana kweupe. Ila nilitoka pale nikijua kwamba nikimwita mwendawazimu nitakuwa namsingizia.

Watu kama yeye walikasirika, na wakafanya kitu ambacho kwetu tumekiandika tu kwenye karatasi. Walikusanya saini za kuwaondoa maseneta wao wa jimbo walioziunga mkono sheria zile. Tarehe 10 Septemba 2013 wakafanikiwa mara mbili kwa siku moja: John Morse wa Colorado Springs, aliyekuwa rais wa Seneti ya jimbo, na Angela Giron wa Pueblo, wote Wademokrati. Morse alishindwa kwa kura 319 tu. Chama cha wenye bunduki, NRA, kilimwaga pesa upande mmoja, na Michael Bloomberg, aliyekuwa meya wa New York, akamwaga upande wa pili. Tusidanganyane kwamba siasa za pesa ziko Kenya pekee.

Jambo la kuzingatia ni karatasi ya kura yenyewe. Ilikuwa na maswali mawili. La kwanza, fulani aondolewe, ndiyo au hapana? La pili, akiondolewa, nani achukue nafasi yake? Mpiga kura anamtoa mtu na kuweka mwingine kwa mkono ule ule. Nilipenda sana. Morse na Giron walikwenda, wakaingia Warepublikan wawili, Bernie Herpin na George Rivera, na Wademokrati wakabaki na kiti kimoja tu cha kuwazidi wenzao, 18 kwa 17.

Hapo ndipo waliposhuka kwa Evie Hudak, seneta Mdemokrati wa Arvada na Westminster, pande hizi ninazoishi. Miezi ile ya vuli huwezi kwenda dukani bila kukutana na mtu na ubao wake wa saini mlangoni. Mmoja alinisimamisha nikiwa na mifuko mikono yote miwili: wewe ni mpiga kura wa eneo hili? Nikamwambia sijawa raia. Akaniomba radhi kwa adabu, akamgeukia mama aliyekuwa nyuma yangu, na yule mama akamfokea kwamba mwacheni Hudak wa watu. Basi wakaanza. Mimi nikajiendea zangu kwenye gari.

Saini zilizotakiwa zilikuwa karibu 19,000, na muda ulikuwa unaisha mwanzoni mwa Desemba. Kama zingetimia na Hudak akaondolewa, Seneti nzima ingegeuka. Tarehe 27 Novemba, siku moja kabla ya sikukuu yao ya Shukrani, Hudak akajiuzulu. Alisema anataka kuzilinda sheria zile za bunduki, na kuwaepushia wananchi gharama za uchaguzi. Hakuna aliyedanganyika, wala naye hakujificha sana.

Maana sheria ya Colorado wakati ule ilikuwa hivi: seneta akiondolewa kwa kura, mrithi anachaguliwa kwa kura. Akijiuzulu au akifa, mrithi anateuliwa na kamati ya chama chake, na lazima awe wa chama hicho hicho. Desemba kamati ya Wademokrati ikakaa, ikamchagua Rachel Zenzinger, diwani wa Arvada, na Januari shughuli zikaendelea kama kawaida. Watu waliotosha ukumbi mmoja waliwaamulia watu wa eneo zima. Hawakuvunja kifungu hata kimoja.

Na mimi, ninayeunga mkono sheria zile, ilikuwa rahisi sana kushangilia. Marafiki zangu wengi walishangilia. Lakini ukiigeuza hadithi, ukaweka upande wako pale walipokuwa wale wa saini, utaona ilivyo chungu. Umesimama kwenye baridi wiki baada ya wiki na ubao wako, unakaribia kufika, halafu yule unayemtafuta anapita mlango wa nyuma na chama chake kinampa ufunguo mtu wake mwingine. Jirani yangu wa bunduki hakutaka hata kulizungumza. Alisema tu, "Tutaonana Novemba." Na Novemba 2014 wakaonana kweli. Zenzinger akashindwa na Laura Woods, mwanamke aliyekuwa miongoni mwa waliopigania kumwondoa Hudak, na Seneti ikaenda kwa Warepublikan, 18 kwa 17. Siku hiyo hiyo Herpin na Rivera nao wakang'olewa, Wademokrati wakavirudisha vile viti viwili. Miaka miwili baadaye Zenzinger akamshinda Woods. Yaani wananchi wakiachiwa sanduku hawafuati hadithi ya mtu yeyote. Na magazini za risasi 15? Sheria ipo hadi leo.

Sasa turudi Magarini.

Katiba yetu ya 2010, kwenye suala la kujaza kiti, ni bora kuliko ya hawa. Mbunge wa eneo akifa, akijiuzulu au mahakama ikimfuta, spika anaitaarifu tume ya uchaguzi ndani ya siku 21, na uchaguzi mdogo unafanyika ndani ya siku 90. Chama hakikabidhi kiti kwa mtu, isipokuwa vile viti vya kuteuliwa vinavyotoka kwenye orodha ya chama. Vizuri sana. Ila ilipofika Januari 2023 tume hiyo ikabaki bila makamishna, na wapya hawakuapishwa hadi Julai 2025. Banissa, kule Mandera, mbunge wao alifariki Machi 2023, na wakakaa bila mwakilishi hadi tarehe 27 Novemba 2025. Hizo siku 90 zilihesabiwa na nani?

Kwetu Magarini, Harrison Kombe alimshinda Stanley Kenga kwa kura 21 mwaka 2022, mahakama zikaufuta ushindi ule, nasi tukaingia foleni ya kusubiri tume. Mjomba wangu wa Marafa aliniuliza kwenye simu, "Hivi huko kwenu kiti kikiwa wazi inachukua muda gani?" Nikamwambia wiki kadhaa. Akanyamaza, kisha akauliza, "Na kampeni?" Hakuna kampeni, mjomba, wanakaa kamati wanachagua. "Hata fulana hazigawiwi?" Hata fulana. Hapo akaiona Colorado ni nchi ya mateso.

Uchaguzi mdogo ulipofika, siku ile ile ya 27 Novemba, Kombe alirudi na ODM, chama cha Raila Odinga, kama mwanzo. Kenga, aliyekuwa UDA, chama cha Rais Ruto, mwaka 2022, sasa alikuwa na DCP, chama cha Gachagua, aliyekuwa naibu wa Ruto, na UDA yenyewe ikawa upande wa Kombe. Jaribu kumweleza hilo mtu wa Arvada. Huku mtu akishakuwa Mdemokrati, hata mbwa wake ni Mdemokrati. Kombe akashinda tena.

Na siku hiyo hiyo Kasipul, kule Homa Bay, nao walipiga kura, kwa sababu inayotisha zaidi. Mbunge wao, Ong'ondo Were, alipigwa risasi Nairobi, barabara ya Ngong, jioni ya tarehe 30 Aprili 2025. Kiti kikaenda kwa mwanawe, Boyd Were, kwa tikiti ya ODM. Ndiyo, kwa kura. Lakini tikiti ya chama ikishaamuliwa, na wakubwa wakishatua na helikopta, sijui tofauti kati yetu na ile kamati ya Arvada ni kubwa kiasi gani. Nadhani ipo. Ile kamati haikuwa na haja ya kumwomba mwananchi yeyote kura, na kule Kasipul angalau walilazimika kuomba.

Kilichokosekana kwetu ni ile nusu nyingine, ya kumtoa aliyemo. Kifungu cha 104 cha katiba kinatupa haki ya kumwondoa mbunge kabla ya muda wake. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikafuta masharti ya sheria yaliyofanya haki hiyo isitekelezeke, na hadi leo hajawahi kuondolewa mbunge hata mmoja. Juni 2024, vijana walipokuwa barabarani kwa ajili ya Mswada wa Fedha, wengi waliapa kuwaondoa wabunge waliopiga kura ya ndiyo. Wangeanzia wapi? Hakuna ubao wa saini wa kusimama nao nje ya duka. Masharti mapya yanapaswa kuandikwa na Bunge, yaani na watu wale wale wanaoweza kuondolewa nayo, na wala hawana haraka. Mimi ningeanza kumuuliza Kombe.