Mheshimiwa Ahamia Koridoni

Sungura wetu tulimpa jina la Mheshimiwa siku ya pili tu, maana kazi yake ilikuwa kula, kulala na kututazama kama watu tuliomchelewesha kikao. Jina la kwanza, alilopewa na binti yangu, lilikuwa refu na lilikuwa na maua ndani yake. Silikumbuki.

Aliletwa na shangazi wa binti, yaani dada yangu mwenyewe, mtu anayetoa zawadi zenye kupumua halafu hapokei simu wiki nzima. Mke wangu alimtazama yule mnyama, akauliza sungura wa ndani wanaishi miaka mingapi. Nikamwambia nimesoma: 8 mpaka 12. Akanyamaza, nikaona anapiga hesabu ya umri wa mtoto.

"Kwa hiyo mtoto atatuachia yeye," akasema. "Haya, baba watoto. Mnyama kaleta dada yako, pa kumweka utafute wewe."

Hakujua alichokifanya. Mimi ukinipa kazi ya kutafuta kitu kikae wapi, nalala mapema ili kuche haraka. Nina futi kamba yangu ya mita tano ambayo hakuna mtu mwingine ndani ya nyumba anayeruhusiwa kuigusa. Kizimba nikakipima mara tatu: urefu sentimita 120, upana 60. Jioni tungekuwa tunamfungulia akanyooshe miguu, kwa sababu hakuna kizimba kinachomtosha sungura kutwa kucha.

Nilianza na sebuleni, kando ya televisheni, pale pembeni ya kiti changu. Sababu yangu ilikuwa ya kiungwana kabisa: mgeni asijione mpweke. Jioni ile kulikuwa na mpira. Timu yangu ikafunga, nikaruka, nikapiga ukelele, na palepale kutoka kizimbani kikasikika kishindo: DU! Mheshimiwa alikuwa amepiga mguu wa nyuma chini, masikio wima, macho yamemtoka.

"Anashangilia!" binti akasema. "Baba, na yeye ni wa timu yetu!"

Siku tatu nzima tuliishi na imani hiyo. Nilikuwa nikipiga kelele makusudi ili anijibu. Ni baadaye nilipokuja kusoma kwamba sungura akipiga mguu vile anawatangazia wenzake kuna hatari, jamani, ingieni shimoni. Wenzake hakuwa nao. Hatari ilikuwa mimi, nimevaa jezi.

Kilichomwondoa sebuleni lakini ni chaja. Meno ya sungura hayaachi kukua mpaka anakufa, kwa hiyo lazima atafune kitu yapungue, na yeye akachagua waya wa chaja ya mke wangu uliokuwa umening'inia karibu na nondo za kizimba. Hakuutafuna kama panya anavyotafuna. Aliukata mara moja, safi, kama fundi aliyetumwa kukata umeme kwa mdaiwa. Bahati yake haikuwa kwenye soketi. Bahati yangu sikuwepo nyumbani mke wangu alipoigundua.

Nikamhamishia dirishani. Mwanga mzuri, hewa, na anaweza kutazama nje; niliona namfanyia hisani. Tatizo ni kwamba nilipima asubuhi. Futi kamba haipimi jua litakuwa wapi saa nane mchana. Mke wangu ndiye aliyempita akasimama, akamgusa masikio, akaniita kwa lile jina langu kamili ambalo huwa analitumia kwenye fomu tu. Masikio yalikuwa ya moto, Mheshimiwa amejinyoosha sakafuni mwa kizimba, anahema mbiombio.

Tukamtoa juani, tukampigia daktari wa mifugo. Daktari akaniuliza swali moja: "Wewe ungekaa dirishani hapo na koti la manyoya?" Nikasema hapana. Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba sungura hatoi jasho kama sisi, joto analipunguzia zaidi kwenye masikio, na likipita nyuzi 25 anaanza kuteseka. Nimtafutie kona tulivu, yenye kuta mbili ili asizungukwe kila upande. Jua lisimpige wala upepo usimpitie moja kwa moja. Iwe mbali na televisheni na jiko. Na pasiwe njia ya watu kupita.

Yote niliyaandika nyuma ya bahasha. Hilo la njia nikalipigia hadi mstari. Baadaye niliamua kwamba kupigia mstari si sawa na kukubali.

Jikoni nilikuwa nimeshakatazwa na daktari, lakini kwa ajili ya ukamilifu wa utafiti nikaona niulize.

"Mama watoto, nilikuwa nafikiria, pale jikoni..."

"Hapana."

"Sijamaliza."

"Mimi nimemaliza."

Kikabaki kile chumba kidogo cha mwisho. Kona nzuri, tulivu, kuta mbili, hakuna jua la mchana. Nilikuwa nimeshapima na kuweka alama kwa penseli. Siku hiyohiyo jioni mama mkwe akaingia na mabegi mawili, na chumba kikawa chake. Nikajisemea sizitaki mbichi hizi, kama alivyosema babu yake Mheshimiwa kwenye hadithi, nikatoka na futi kamba yangu.

Hapo ndipo korido ilipoanza kunipendeza. Upana sentimita 110. Toa 60 za kizimba, zinabaki 50. Nikajipima na mimi mwenyewe, kwa ubavu. Nilipita. Nilipita kwa kuvuta pumzi ndani, lakini nilipita. Na kuhusu ile habari ya njia ya watu, nilitoa hoja ambayo mpaka leo naona ilikuwa na nguvu: usiku watu wamelala, nani anapita?

Nikasubiri nyumba nzima ilale. Saa tano usiku nikakibeba kizimba polepole, Mheshimiwa ndani akiwa anateleza huku na huku kama abiria wa siti ya nyuma, nikakiegesha kwenye kona ya korido, nikamwongezea nyasi kavu, nikaingia kitandani bila kumwambia mtu. Nilitaka waamke washangae.

Walishangaa mapema zaidi.

Saa tisa usiku: DU!

Nikafumbua macho. Kimya. Nikamgusa mke wangu, akageukia ukutani. Nikajiambia ni ndoto. Nikashusha mguu mmoja sakafuni, taratibu. DU!

Jamani. Nikarudisha mguu. Kimya. Nikahesabu mpaka ishirini, nikasimama kwa vidole, nikapiga hatua moja. DU! Nikaganda. Kimya tena. Hatua ya pili. DU! Nikaelewa kwamba mwizi ameingia ndani ya nyumba yangu, ananisikia, na ananijibu. Mwizi wa kawaida akisikia mtu ameamka anakimbia. Huyu alikuwa ananikaribisha.

Kwa nini sikumfikiria Mheshimiwa? Mke wangu ameniuliza swali hilo mara nyingi, mara nyingine mbele ya wageni. Jibu ni kwamba kichwani mwangu sungura alikuwa bado yuko pale alipokuwa mchana. Kazi ya kumhamisha niliifanya mimi, saa nne tu zilizopita, kwa mikono hii, lakini usingizi ulikuwa umeshafuta kila kitu isipokuwa woga.

Nikachukua ufagio nyuma ya mlango. Nilikuwa na bukta moja tu mwilini, tena ile yenye tundu ambayo nimeahidi kuitupa. Taa sikuwasha, nikihofia mwizi ataniona. Nikafungua mlango. DU! Nikapiga hatua, DU! Nikainua ufagio, na kutoka upande wa pili wa giza nikasikia kandambili. Tap. DU! Tap. DU! Wako wawili, nikasema moyoni. Mmoja anatembea, mmoja anapiga ngoma.

Nikaamua kuwavamia. Nilikimbia hatua mbili. Ya tatu haikuwepo, kwa sababu mahali pake palikuwa na kizimba.

Sijui kuelezea vizuri kilichofuata. Goti liligonga nondo, ufagio ukaenda zake, mimi nikapita juu na kutua upande wa pili, kidevu sakafuni. Chupa ya maji ikafunguka ikanimwagikia mgongoni. Kisanduku cha haja kikaruka kikaniangukia kichwani, na zile punje za mavi yake, kavu, za mviringo, zikaanza kubingirika kwenye vigae mojamoja, tiriri, tiriri, mpaka mwisho wa korido. Nyasi kavu ziliniingia mdomoni. Naweza kuwaambia kwamba hazina ladha mbaya sana.

Taa ikawaka.

Mbele ya pua yangu kulikuwa na miguu miwili ndani ya kandambili. Nikapandisha macho. Mama mkwe alikuwa amesimama, mkono mmoja kwenye swichi, mkono mwingine ameshika kiatu changu cha kazini, tayari kwa kunipiga nacho.

Kwa kawaida mtu ukiwa chini, huna shati, una mavi ya sungura kwenye nywele, kuna mambo mengi unayoweza kusema. Mimi lilinitoka moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," akajibu, kwa utulivu ule wa watu wazima. Akashusha kiatu. "Umeangusha kitu?"

Asubuhi ndiyo tulipopanga matukio. Mama alikuwa ametoka kwenda msalani. Mheshimiwa kusikia mlango, akapiga mguu. Mama kusikia kishindo, akaganda. Mimi kusikia kishindo, nikaamka. Mheshimiwa kunisikia nimeamka, akapiga tena. Kila mmoja wetu alikuwa mwizi wa mwenzake, na sungura peke yake ndiye aliyekuwa anasema kweli: pande zote mbili kulikuwa na watu wananyemelea.

Yeye mwenyewe hakuwa kizimbani. Mlango ulifunguka niliporuka juu yake, naye akaondoka bila kuaga. Tulimtafuta chini ya vitanda, nyuma ya friji, ndani ya viatu. Ni binti aliyemwona, akapiga ukelele uliowatoa majirani: amekufa! Alikuwa kwenye kona ya ndani ya sebule, nyuma ya kiti changu, kati ya kabati la vitabu na ukuta, amelala ubavu, miguu ameinyoosha, jicho nusu wazi. Mimi nikakaa chini. Mama mkwe akasogea, akainama, akamgusa. Mheshimiwa akainuka, akatutazama wote, akajilamba viganja, akaanza kunawa uso.

Daktari alicheka sana kwenye simu. Akasema sungura halali vile mpaka aridhike na mahali alipo.

Nikaleta futi kamba kwa heshima tu. Kuta mbili, hakuna jua, televisheni iko upande wa pili, na hakuna mtu anayepita hapo. Sentimita 120 kwa 60 zingeingia barabara, isipokuwa kiti changu kitoke. Mke wangu na binti walishakikamata kila mmoja upande wake kabla sijamaliza kusoma namba.

Sasa mimi nikitaka kutazama mpira natazama nikiwa nimesimama, tena kimyakimya. Kiti kimehamia koridoni, pale pale penye alama za kizimba. Mama mkwe alipita jana usiku, akasimama, akakitazama, akanitazama na mimi.

"Na hiki, baba," akasema, "umekipima?"