Kaunta Iliyochanjwa Pande Zote Mbili

Mwanza jiwe halihamishwi. Nyumba ndiyo inayopisha. Mgahawa huu wa samaki uko Kirumba, si mbali na soko la Mwaloni, na ndani yake mna jiwe. Limeingia kwa ukuta wa nyuma, limefika kiunoni mwa mtu mzima, na aliyejenga alipoona halichimbiki akapiga plasta kulizunguka akaendelea na shughuli zake. Kati ya jiwe na kaunta ya zamani palibaki upenyo wa mtu mmoja, tena mtu asiyependa ugali. Kona ya kaunta ilikuwa kali. Kila mhudumu aliyepita pale na sinia aliacha kitu: leo mchuzi, kesho kipande cha sketi.

Mwenye mgahawa ni mama wa Kisukuma asiyepayuka, ila akishasema jambo limepita. Baada ya mwangaluka, salamu yao ya Kisukuma, na chai akanionyesha kona kwa mwiko: "Fundi, mwanangu, hapa nataka mviringo. Watu wateleze."

Kazi ilibidi ifanyikie palepale. Mlango una upana wa mm 700, na kaunta ikishakunjwa haipiti mlangoni, hata uigeuze vipi.

Plaiwudi ilikuwa ya mm 12, pisi moja ya futi 8 kwa 4. Ya mm 3 hukunjika yenyewe, lakini kaunta hupigwa magoti na kusukumwa na kreti za soda. Ikisimama peke yake inabonyea. Ya mm 12 inavumilia hayo yote, ila haikunjwi kwa maombi. Lazima uichanje kwa ndani: mikato sambamba isiyofika upande wa pili, ili ubao upate pa kujikunjia.

Hesabu yake si ngumu. Robo ya duara yenye nusu kipenyo cha mm 400 ina urefu wa mm 628 kwa nje. Kwa ndani nusu kipenyo ni mm 388, maana unatoa unene wa ubao, na urefu unashuka hadi mm 609. Zile mm 19 za tofauti ndizo unazoziondoa kwa msumeno. Msumeno wetu wa duara unakula mm 3 kila unapopita, kwa hiyo kwenye karatasi mikato 7 inatosha. Ukiifuata hesabu hiyo utalia. Mikato 7 kwa digrii 90 ni karibu digrii 13 kwa kila mkato, na ganda lililobaki chini ya mkato halibebi digrii 13 mahali pamoja; linapasuka, na hata lisipopasuka unapata pembe saba badala ya mviringo. Tulipanga mkato kila baada ya mm 20, mikato 32 ndani ya kona na mmoja wa ziada kila upande ili mkunjo usianze ghafla. Hapo kila mkato unabeba chini ya digrii 3, na ganda halijui hata kama linakunjwa.

Kuna njia ya kupima bila kalamu, nayo inafaa kwa atakayejaribu nyumbani. Chukua kipande cha ubao uleule, kichanje mkato mmoja kwa kina utakachotumia, kibane upande mmoja juu ya meza. Kutoka kwenye mkato pima umbali sawa na nusu kipenyo chako, weka alama, kisha inua upande ulio huru taratibu mpaka mdomo wa mkato ufunge. Kimo ambacho alama imeinuka kutoka mezani ndiyo nafasi kubwa kabisa unayoruhusiwa kuacha kati ya mkato na mkato. Kikipasuka kabla ya kufunga, umepata jibu pia. Ukitaka kona laini, gawanya kimo hicho kwa nne au tano.

Kina ndicho kinachowaumiza wengi. Tuliweka msumeno ukate mm 9 ili zibaki mm 3: vinia ya uso na sehemu ya tabaka linalofuata. Ugumu wa ganda unapanda kwa unene mara tatu ukijizidisha wenyewe, yaani pale palipobaki mm 2 panakuwa laini zaidi ya mara tatu kuliko pale palipobaki mm 3. Ubao una akili ya mvivu: unakunja palipo rahisi, mkunjo wote unakimbilia mkato huo mmoja, na hapo ndipo unaposikia "ta!" Kwa hiyo ubao ulale kwenye meza iliyonyooka, usibinuke, na kitako cha msumeno kikandamizwe mwanzo hadi mwisho. Nyuzi za uso nazo ziende kwa urefu wa mkunjo, mikato izikate kwa kukingama. Mikato ikifuata nyuzi, ganda linachanika kwenye mstari kama limeagizwa.

Nilikata yote 34 asubuhi. Vumbi lilikaa hadi kwenye pilipili, na mama alivumilia. Mbavu tatu za plaiwudi ya mm 18, za kushikilia mkunjo kwa ndani, zilikuwa tayari, zimekatwa kwa nusu kipenyo cha mm 388, ya chini, ya kati na ya juu. Kilichokosekana ni mikanda. Klampu za kuzunguka kona ya kimo cha zaidi ya mita moja hatuna, na wala hazihitajiki: tyubu kuukuu ya pikipiki ukiichana kwa urefu unapata mkanda unaobana kila mahali kwa nguvu sawa. Nikachomoa msumeno kwenye soketi, nikamwambia dogo, msaidizi wangu, "Hiyo mikato usiiguse," nikaenda kwa fundi pancha.

Yaliyofuata nimeyapata kwa mashahidi watatu, mmoja wao akiwa anapaa sato wakati wote.

Mama alitoka jikoni na chai ya dogo. Akaiona plaiwudi imelala kifudifudi, mgongo wote mistari. Akaizunguka. Akainama akachungulia upande wa chini.

"Huku mbona hakujachanjwa?"

"Fundi anachanja upande mmoja, mama."

Mama ametumia maisha yake kuchanja sato, naye alimtazama dogo kwa huruma ya kweli. "Mwanangu, samaki ukimchanja upande mmoja anaiva upande mmoja. Huu utakunjika nusu."

Dogo ni mtoto wa watu, kalelewa. Mkubwa akisema haulizwi mara mbili. Isitoshe, chai ilikuwa na chapati. Akaigeuza plaiwudi, uso mzuri ukaangalia juu, ule tuliouchagua kwa kuwa hauna kibundo hata kimoja. Na hapa nimpe haki yake: hakukata ovyo. Alichukua futikamba, akaanzia ukingo uleule niliouanzia, akachora mistari yake kila baada ya mm 20 kwa penseli iliyochongwa, akaweka ubao wa mwongozo, akarudisha waya kwenye soketi. Kina hakukigusa. Kilikuwa kimeshapimwa na fundi, yeye nani akibadilishe?

Mm 9 kutoka chini na mm 9 kutoka juu, kwenye ubao wa mm 12. Angekata ovyo, mikato yake ingeangukia katikati ya yangu, plaiwudi ingelegea kama kinanda cha kukunja, lakini ingebaki kitu kimoja. Kwa kuwa alipima vizuri, kila mkato wake ulitua juu ya mkato wangu. Msumeno ulikuwa unakula ganda la mm 3 tu, basi. Dogo akaona mashine leo inakwenda wepesi, akafurahi. Vipande havikuanguka kwa sababu vyote vilikuwa vimelala mezani, kila kimoja mahali pake. Mama alisimama pembeni mikono kiunoni, akiwaambia wateja kwamba hata mafundi wanahitaji kuelekezwa.

Kisha umeme ukakatika. Mwanza nzima huwa inalalamika umeme ukikatika. Mimi tangu siku ile nina neno moja la shukrani ambalo sijapata wa kumpelekea. Dogo alikuwa ameshapita nusu ya kona.

Nilirudi na mikanda begani. Nikaikuta plaiwudi imelala uso juu, ina mistari, na dogo amesimama kando yake kama anayesubiri kupigwa picha. Nikauliza kwa upole, maana mdomo ulikuwa umekauka, "Si nilisema usiiguse mikato?"

"Sijaigusa, fundi. Yako iko chini kama ulivyoiacha. Hii ni yangu."

Mama akasema, "Tumekumalizia." Akashika ukingo mmoja kunisaidia kuinua, mimi nikashika wa pili kwa kuwa akili ilikuwa bado inatafuta njia ya kuwa hivyo sivyo. Tukainua. Upande wake ulikuja. Wangu ukaja. Katikati haikuja. Vijiti vya mm 17 vikaanza kudondoka, kimoja, kisha vitatu, kisha vyote vilivyokuwa havijaamua. Mteja mmoja aliyekuwa akila akanyanyua sahani yake, akasogea meza ya mbali bila kuacha kutafuna.

Mama akavitazama sakafuni. "Basi sasa vinapita hata kwenye jiko," akasema, akainama kuviokota. Hapo tukaanza kugombana kwa sauti. Plaiwudi haiwekwi jikoni: imegandishwa kwa gundi za kemikali, na moshi wake haufai kwa mtu wala kwa sato. Akaniuliza kama moshi haufai, mbona vumbi lake nimelimwaga kwenye pilipili yake tangu asubuhi. Sikuwa na jibu la haraka.

Kilichotuokoa ni kwamba vijiti vilikuwa sawasawa, na hilo ni kwa sababu dogo alipima vizuri. Tulivipa namba kwa penseli, tukavipanga upya juu ya mbavu, kila kijiti kikipakwa gundi nyeupe na kupigwa skrubu moja kwenye kila ubavu, kichwa kikizama. Nafasi ya mm 3 kati ya kijiti na kijiti tuliiacha. Nusu ya kona ambayo umeme uliinusuru ilikunjwa kama ilivyokusudiwa: kitambaa chenye maji ya moto juu ya uso kwa dakika kumi hivi, gundi ndani ya mikato, kisha kuvuta taratibu kuanzia upande ulionyooka, usianzie mwisho wa kona. Maji yasizidi, kwani plaiwudi ya ndani ya nyumba ikilowa sana matabaka yanaachana. Haikutoa hata mlio.

Juu ya yote tukavalisha plaiwudi ya mm 3. Hii nyuzi zake zisimame wima, kinyume cha ile ya kwanza, kwa sababu hapa hakuna mikato na unataka ubao mwepesi kukunjika. Kwa nusu kipenyo cha mm 400 inazunguka kwa mkono. Ukiikata hivyo kutoka pisi ya futi 8 kwa 4 unapata upana wa mm 1220, unaofunika kona yote na karibu mm 300 kila upande. Gundi ipakwe kote, ukandamize kuanzia katikati ya kona kwenda nje, maana ukianza pembeni hewa inabaki ndani na baadaye panavimba. Mikanda ya tyubu ikazunguka, nafasi ya kiganja kati ya mkanda na mkanda, kabari za mbao pale palipoonekana kulegea. Tukaiacha siku nzima na usiku wake. Kwa unyevu wa ziwani usifungue mikanda kwa kuigusa gundi kwa nje tu. Ukingoni imekauka, katikati bado maziwa. Maungio ya pembeni tukayaficha kwa mikanda ya mbao, tukapiga msasa, tukapaka rangi ya bluu aliyoichagua mama.

Njia kati ya kaunta na jiwe imepungua kwa mm 3 kuliko tulivyokusudia. Hajapima, na hapa Kirumba hakuna atakayemwambia.

Ikabaki hesabu ya nani analipa plaiwudi ya mm 3 na skrubu. Mimi nilikuwa na hoja zangu. Mama akapitisha kiganja kwenye kona, akarudi akapitisha tena, akamwita mhudumu apite na sinia lililojaa. Mhudumu akapita, sketi yake ikapita, mchuzi ukapita. Mama akaniletea sato wawili wa kukaanga na malipo ya kazi tuliyopatana mwanzo, bila senti ya nyongeza, na dogo akapewa mfuko wake peke yake.

Wiki iliyofuata jirani yake, muuza dagaa wa jumla, akaja kuitazama kona. Naye anataka ya kwake, kubwa zaidi, pande mbili. Nilikuwa nje nafunga mbao kwenye guta, nikasikia mama anamwelekeza.

"Fundi ni mzuri, mchukue. Ila mwambie mapema achanje pande zote. Atabisha. Wewe mtume mikanda, halafu ongea na yule kijana wake."