Pishi, kilo na pumzi za tasi

Kijana wa jirani yangu hapa Chwaka, yuko kidato cha sita, alinijia na daftari lake la baiolojia huku kanuna. Alikuwa amemtia tasi wa gramu 100 katika ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ya bahari, akaifunika vizuri isiingie hewa, na kwa kipimo cha kuazima akasoma oksijeni: miligramu 6.2 kwa lita mwanzoni, 5.6 baada ya nusu saa. Kwa hiyo samaki alitumia miligramu 12, sawa na 24 kwa saa. Hadi hapo hakuna ubishi. Ubishi ulianza walipotakiwa waigeuze oksijeni hiyo iwe wati. Yeye alipata 0.094, mwenzake 0.090, na samaki ni yuleyule. "Maalim, nani kakosea?"

Hakuna aliyekosea. Wamechanganya mambo mawili ambayo sote tunayaita kwa jina moja, kugeuza vipimo.

Vibaba vinne ni pishi moja, uwe unapima mchele au kunde. Kalori moja kuwa juli 4.184 ni namna hiyohiyo, wati moja kuwa kilojuli 86.4 kwa siku ni hivyo hivyo, na mililita moja ya oksijeni kavu, kwenye nyuzi sifuri na mgandamizo wa kawaida wa hewa, ina uzito wa miligramu 1.43. Hapo ni hesabu tu. Lakini pishi kuwa kilo ni suala jengine. Kila mwisho wa Ramadhani tunalisikia tunapotoa zakatul-fitri: sheikh mmoja atasema pishi ni kilo mbili na nusu, mwengine ataikaribisha tatu, kwa sababu pishi hupima ujazo, na uzito wake unategemea umejaza nini. Oksijeni kuwa nishati ni pishi kuwa kilo. Mnyama anayeunguza wanga hupata kiasi cha juli 21 kwa kila mililita ya oksijeni. Akiunguza mafuta, karibu 19.7. Protini hushuka chini zaidi; samaki hutupa mabaki yake kama amonia, yakiwa bado na nishati ndani. Kijana wangu alitumia 20.1, wastani wa vitabu vingi vya fiziolojia. Mwenzake alitumia juli 13.56 kwa miligramu, sawa na 19.4 kwa mililita, namba waliyoizoea wataalamu wa samaki.

Wapo wanaosema basi tuache kugeuza, kila mtu aandike alichokipima. Wana hoja. Aliyeandika "wati 0.094" bila kutaja kigeuzi, yaani namba aliyogeuzia, ametuficha dhana yake ndani ya tarakimu, na hatuwezi kuirudisha nyuma. Hali ni mbaya zaidi pale kilichopimwa si oksijeni bali hewa ukaa, kama inavyofanyika kwa wanyama wa porini wanaochomwa sindano ya maji yenye atomi za alama. Mililita moja ya hewa ukaa ni juli 21 ikitoka kwenye wanga, na kama 28 ikitoka kwenye mafuta. Sasa mfikirie kima punju wa msitu wa Jozani, huyu anayekula majani kisha akatafuna makaa. Tumbo lake huchachusha majani na kutoa hewa ukaa ambayo haikutoka kwenye pumzi za seli zake kabisa. Ukiigeuza yote kuwa nishati, umempa kazi asiyoifanya.

Hata hivyo mimi nasimama na wanaogeuza. Watu wa samaki wanaandika miligramu, watu wa ndege na wanyama wa nchi kavu mililita, madaktari wa lishe kilokalori, na bila ya sarafu moja hawaelewani. Mwaka 1932 Max Kleiber, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi California, aliwapanga pamoja wanyama wadogo na wakubwa na kuona kuwa matumizi yao hufuata uzito kwenye kipeo cha robo tatu. Kwa kilokalori ni takriban 70 kwa siku ukizidisha na uzito wa kilo uliokwisha kupandishwa kwenye kipeo hicho. Mnyama wa kilo 5 anatoka na kilokalori 234 kwa siku. Hizo ni wati 11, au mililita 2,030 za oksijeni kwa saa. Kwa kila kilo ni 406, na hapa ndipo wengi wanapoteleza: ukigawa kwa kilo, mnyama mdogo ataonekana anaungua kuliko mtu mzima, na mwanafunzi atatafuta sababu kwenye chakula chake ilhali ni ukubwa wa mwili tu.

Na kuna jambo ambalo linanichekesha kidogo. Tunagombania tofauti ya asilimia nne baina ya 0.094 na 0.090, na huku mtu anakusanya hewa ya pumzi kwenye mfuko, chumba kina joto la nyuzi 30, hewa imejaa mvuke kama ilivyo siku zetu za kaskazi, anaandika "mililita 100" na kuendelea. Ukiipooza hadi sifuri na kuutoa mvuke, zinabaki kama 86. Kosa hilo ni asilimia 14, na halitokani na tumbo la mnyama wala dhana ya mtu. Miligramu hazina mchezo huo, ndiyo maana nazipenda kuliko mililita.

Nikamwambia kijana aandike 24 kwanza, miligramu kwa saa, kisha kigeuzi, kisha wati.

"Kigeuzi gani sasa?"

"Tasi wako alikula nini?"

Akafikiri. Tasi ni mla mwani, wakulima wa mwani wote hapa wanamlalamikia. Lakini huyu alikuwa amelala ndani ya dema usiku kucha, na mchana kutwa ndani ya ndoo nyengine akingoja kipimo; mwenye njaa huunguza mafuta na protini zake mwenyewe, si wanga wa mwani. Akafuta 20.1, akaandika 13.56, na pembeni kwa penseli: "hakula tangu jana".