Ziwa likifungwa, jumuiya impe maskini nini?

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa wavuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wazaliane, jumuiya yetu ndogo ndogo ya Kikristo hapa Kigoma iligawanyika kwa sababu ya mama mmoja anayeanika dagaa Kibirizi. Chanja zake zilibaki tupu. Baadhi yetu walitaka apelekewe unga na mafuta kila wiki. Wengine wakasema hela hiyo ikusanywe apewe mtaji, maana ukimzoesha kupokea unamlemaza.

Pande zote mbili zina pa kusimamia katika mafundisho jamii ya Kanisa. Wa unga wanayo Mathayo 25: nilikuwa na njaa, mkanipa chakula. Hapo hakuna sharti la biashara. Tena mtaji ukimkuta mtu hajala siku mbili, utaliwa tu, na nani atamlaumu?

Wa mtaji wanaye Papa Leo XIII, ambaye mwaka 1891, katika Rerum Novarum, alidai mfanyakazi alipwe ujira wa kumtosha kuishi. Yaani maskini ana haki yake, asingojee hisani. Mwalimu Nyerere alilisema kwa ukali zaidi mbele ya masista wa Maryknoll, New York, mwaka 1970: Kanisa lisipopambana na mifumo inayowatia watu umaskini, halitakuwa na maana kwao.

Ila hilo neno "kulemaza" linaniuma. Mama huyu miaka yote alfajiri inamkuta mwaloni na beseni lake akisubiri mitumbwi. Amelemazwa na nani?

Na saa nzima tulimjadili sebuleni kwa watu, yeye hayupo. Papa Pius XI aliandika mwaka 1931 kuhusu kanuni ya auni: mkubwa asimpokonye mdogo jambo analoliweza mwenyewe. Katekista ndiye aliyesema aitwe. Alikuja, akakaa karibu na mlango, kanga mabegani. Unga wa siku nne anao, alisema. Kinachomkosesha usingizi ni mkopo wa kikoba, kwa kuwa ziwa limefungwa lakini marejesho hayajafungwa. Aliomba watu wawili wamsindikize kwa mwenyekiti wa kikoba, marejesho yasogezwe mpaka Agosti.

Wakaenda wawili, mmoja wa kila upande. Unga tuliokwisha kuuchanga ukapelekwa kwa babu wa nyumba ya tatu, ambaye macho yamekwisha na hana mtu wa kumsongea ugali. Zamu ya kumpikia tukaipanga usiku uleule.