Ukienda Sheldonian, Panda Juu ya Dari

Wengi wanaoingia Sheldonian, ukumbi wa sherehe wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, huinua shingo wakautazama mchoro wa dari, wakapiga picha mbili tatu, wakatoka. Mchoro ni mzuri, sikatai. Lakini kwa maoni yangu mtu aliyeishia hapo amekosa kilicho kikubwa zaidi katika jengo lile, nacho kiko juu ya mchoro huohuo, katika ule uwazi wa mbao na giza ulio kati ya dari na paa. Ngazi zipo, na wageni wanaruhusiwa kupanda.

Ukumbi ulianza kujengwa mwaka 1664 na kufunguliwa Julai 1669. Kabla ya hapo sherehe za chuo zilifanyika ndani ya kanisa la Mtakatifu Maria, na zilikuwa sherehe zenye kelele, kejeli na mizaha. Gilbert Sheldon, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliona haifai nyumba ya ibada kugeuzwa uwanja wa mizaha, akatoa pesa za kujenga mahali pengine. Mwishowe zilimtoka zaidi ya pauni 14,000, kiasi kikubwa mno kwa wakati ule. Kazi ya kuchora ramani alipewa Christopher Wren, profesa wa elimu ya nyota ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameingia miaka ya thelathini, na ambaye hakuwa na majengo ya kuonyesha. Huyo ndiye aliyekuja baadaye kujenga kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, London.

Wren alifuata mfano wa ukumbi wa kale wa Marcellus kule Roma, wenye umbo la herufi D: watu wanakaa kwa kupanda ngazi upande wa duara, na mambo yanafanyika mbele yao. Shida ni kwamba kumbi za Roma zilikuwa wazi juu, na Oxford mvua hainyeshi kwa miadi. Lazima paa liwepo. Upana wa kufunika ulikuwa kama mita 21, na nguzo katikati hazikutakiwa, kwa sababu nguzo humziba mtu macho. Boriti ya mti mmoja yenye urefu huo haikupatikana.

Yeyote aliyewahi kujenga nyumba analijua swali hili. Fundi anakuuliza kwanza chumba kina upana gani, maana hapo ndipo gharama ya kupaua inapoamuliwa. Ukitaka sebule pana, jiandae kwa kenchi za uhakika, zile fremu za mbao zinazobeba paa. Mwenzake Wren pale chuoni, profesa wa jiometri John Wallis, alikuwa amekwisha kuonyesha jinsi vipande vifupi vya mbao vinavyoweza kuumana na kubebana mpaka vikavuka upana ambao hakuna kipande kimoja kingeuvuka. Wren akalichukua wazo la mbao fupi, akaziunganisha zikawa boriti ndefu, kisha akazining'iniza kwenye kenchi kubwa juu yake. Dari ya ukumbi haikukaa juu ya nguzo. Ilishikiliwa kutoka juu.

Ndiyo sababu nasema panda. Ukiwa chini unaona mbingu ya rangi aliyoichora Robert Streater: Kweli inashuka mawinguni kuja kwa Sanaa na Elimu, huku Husuda, Uporaji na Ujinga wakitimuliwa. Kuna kamba za dhahabu zimepita huku na huku, kana kwamba turubai limekunjwa ili watu waone anga kama walivyoiona Warumi. Mchoro ulifanyiwa London kwenye vipande 32, ukaletwa na kuunganishwa hapa. Mshairi mmoja wa enzi ile alidai kwamba vizazi vijavyo vitamthamini Streater kuliko Michelangelo, yule mchoraji mkubwa wa Italia. Vizazi vyenyewe vimekwisha kujibu.

Ukishapanda, unakuta upande wa pili wa mbingu ile: mbao nene, viungo, vyuma, sakafu inayolia chini ya kiatu. Kenchi za Wren mwenyewe hazipo tena. Paa lilifanywa upya mwaka 1802. Lakini mbao zilizopo zinafanya kazi ileile mahali palepale, na ukisimama kando yake unaelewa kwa macho jambo ambalo maelezo ya maneno hayalifikishi. Nilishika boriti moja nikaifuata kwa mkono mpaka ilipopokewa na nyingine. Fundi aliyeuchonga ule mwungano hakuandikwa jina popote nilipotazama. La Sheldon limeandikwa, la Wren limeandikwa, la Streater limeandikwa. Mimi naona hii ni dhuluma, na sitaacha kusema hivyo kwa sababu tu ni ya zamani.

Kuna watu wengine waliosahauliwa humo juu. Tangu jengo lilipofunguliwa hadi mwaka 1713, Sheldonian ilikuwa pia kiwanda cha kuchapa vitabu. Mitambo ilikuwa chini, wapangaji herufi walifanya kazi humo ukumbini, na siku ya sherehe ilibidi wakusanye vitu vyao wapishe. Vitabu vilivyokamilika vilirundikwa juu ya dari. Hebu fikiria uzito wake! Baadaye ulienea uvumi kwamba paa linataka kuanguka, wakaguzi wakapanda, wakashuka na jibu kuwa ni imara. Vitabu vya miaka ile vilibeba picha ya ukumbi huu kwenye ukurasa wa kwanza, na maneno ya Kilatini yanayosema kitabu kimetoka Sheldonian.

Uchapaji ule ndio uliokua ukawa Oxford University Press. Hapo msomaji wa Kiswahili ana haki ya kusimama kidogo, kwa kuwa ndiyo kampuni iliyotoa kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya Frederick Johnson mwaka 1939, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari mwaka 1963, na tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein mwaka 1969. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyoandaliwa na TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), toleo la 1981, nayo ilipitia kwao. Wengi wetu tulisoma vitabu vyenye nembo ile tukiwa na sare za shule, bila kujua kwamba mwanzo wake ni watu waliopandisha marobota ya karatasi kwenye paa la ukumbi wa sherehe. Ningetamani sana humo juu, kwenye maelezo ya historia ya jengo, viwekwe vitabu vichache vya lugha ambazo uchapaji ule ulizifikia, na chetu kimoja kiwemo.

Vichwa vya mawe vilivyopangwa nje upande wa barabara, ambavyo watu huviita wafalme wa Roma, vinavutia lakini havihitaji muda wako mwingi. Vya sasa vilichongwa miaka ya 1970, baada ya vile vya awali na vilivyovifuata kuchakaa.

Sherehe ni jambo jingine. Mahafali ya Oxford yanafanyika humo hadi leo, na sehemu kubwa ya maneno ni ya Kilatini. Wahitimu wanatoka nje, wanabadilisha majoho, wanarudi wamevaa ya shahada mpya, na ukumbi unalipuka kwa makofi. Sina ugomvi na Kilatini chao. Ninachotaka ikumbukwe ni tarehe 14 Oktoba 1920, siku ambayo wanawake walipewa shahada za Oxford kwa mara ya kwanza, ndani ya ukumbi huu. Walikuwa wamesoma na kufanya mitihani pale kwa zaidi ya miaka 40 bila kutunukiwa shahada. Ukumbi uliochorwa Kweli ikifukuza Ujinga ulikaa miaka 251 kabla ya kumfungulia mwanamke mlango huo. Anayeusifu mchoro na aitaje pia hesabu hiyo.

Na humo humo ndimo wahadhiri walimokusanyika Januari 1985 kuamua kama Margaret Thatcher apewe shahada ya heshima. Alikuwa waziri mkuu wa Uingereza na mhitimu wao. Walikuwa na hasira kwa jinsi serikali yake ilivyokata fedha za elimu na utafiti. Kura 738 zilikataa, 319 zilikubali. Hilo ndilo ninaloliheshimu zaidi kuhusu ukumbi wa chuo: kwamba ni mahali ambapo waalimu wanaweza kukaa wakamwambia mkubwa wa nchi hapana, kura zikahesabiwa, na kesho yake wakaenda kufundisha.

Muziki haukukosekana. Mtunzi Handel alikuja na wanamuziki wake Julai 1733, na oratorio yake ya Athalia, yaani hadithi ya Biblia inayoimbwa, ikasikika humo kwa mara ya kwanza. Mtunzi mwingine, Haydn, alikuja 1791 kupokea udaktari wa muziki. Konseti zinaendelea mpaka sasa, na nakushauri ununue tiketi ya usiku mmoja, hata kama muziki wa aina hiyo si wako. Benchi ni ngumu, hakuna pa kuegemeza mgongo vizuri, na baada ya saa moja nyonga zitakusimulia. Beba sweta ukalie. Lakini ukumbi si mkubwa, na wapigaji hawako mbali nawe. Ukikaa ghorofani ubavuni mwao unasikia hata pumzi wanayovuta kabla ya kuanza, na unauona mkono wa mpiga selo ukitetemeka juu ya waya.

Mchana wake ndio wa kupanda. Pita kwenye mbao bila haraka, endelea hadi kile kijumba cha madirisha manane kilichoongezwa kileleni mwaka 1838, ambako Radcliffe Camera, ile maktaba ya mviringo, na minara ya mji mzima inaonekana. Siku za mahafali wageni hawaingii, kwa hiyo angalia ratiba kabla ya kukata tiketi ya treni kutoka London.