Ndugu mlioko huku, wekeni ngano nzima ndani, sio unga

Nina miaka kumi na mbili Marekani na kitu ambacho bado kinanikosesha raha ni jinsi sisi tuliotoka nyumbani tunavyoishi huku bila hata debe moja la nafaka ndani. Kule nilikokulia mtu ambaye hana nafaka ya kumvusha mpaka mavuno mengine watu wanamwonea huruma, huku tuna friza imejaa na simu ya kuagizia chakula basi tunaona tumemaliza kila kitu. Machi 2020 nilisimama mbele ya rafu ya unga supamaketi, imebaki bati tupu na vumbi jeupe, na mtu aliyenijia kichwani pale pale ni mama, manake najua yeye asingekutwa hivyo. Baadaye nikaja kuelewa kwamba ngano yenyewe ilikuwepo tele, viwanda vilizoea kufungasha magunia makubwa ya waoka mikate na mahoteli, ila mashine za kufungasha pakti ndogo za majumbani hazikutosha kwa watu wote walioingia madukani kwa wakati mmoja. Yaani nchi inalima ngano hadi inauza nje na wewe nyumbani kwako huna cha kukanda.

Kuna jamaa nafanya naye kazi, muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lile lenye makao makuu Utah, hao toka zamani wanahimizwa kuweka akiba ya chakula ndani. Akanipeleka kwake, chini kwenye besmenti, ndoo zimepangana hadi juu kila moja imeandikwa mwaka. Akafungua ya 1998 akanimiminia kiganjani. Punje nyekundu, ngumu, hazina harufu yoyote, nikang'ata moja ikalia kak, na hiyo ndo sauti mama alikuwa anaitafuta akipima kama nafaka imekauka kabla ya kuifungia. Ngano ngumu ikiwa kavu, haipati hewa na imekaa sehemu ya ubaridi, inafika miaka 30 na bado inalika.

Mimi nilianza vibaya, nilinunua unga. Usifanye hivyo. Punje nzima imejifunga yenyewe, ukishaisaga mafuta ya kile kiini yanakutana na hewa yanaanza kuchacha, na unga wa ngano nzima ukiuacha tu kabatini ni miezi michache umekuwa mchungu. Nilitupa karibu wote na iliniuma sana kumwaga chakula.

Kosa la pili nusura nilifanye kwa kuamini ya nyumbani kuliko inavyotakiwa. Kile kipimo cha chumvi mnakijua, unatia nafaka na chumvi kavu kwenye chupa kavu, unatikisa, chumvi ikigandia ukutani ujue bado mbichi. Ni kipimo kizuri, nakiheshimu, lakini kinakwambia tu nafaka haijazidi unyevu wa kama asilimia 15, hiyo inatosha kwa gunia linalopumua na utakalolimaliza msimu huo, sio kwa ndoo unayoifunga isipitishe hewa kwa miaka. Hapo inatakiwa asilimia 10 au chini, ukifungia yenye unyevu pasipo hewa unakaribisha botulizimu, sumu ya bakteria inayoweza kuua. Kwa hiyo sasa nanunua kwa muuzaji anayetaja unyevu, ngano ya kuliwa, ngumu, imesafishwa. Na ngano ya mbegu iliyotiwa dawa, mara nyingi imepakwa rangi ya waridi, usiiguse hata ukipewa bure. Iraki mwaka 1971 na 1972 watu walioka mikate ya ngano ya mbegu iliyokuwa na dawa ya zebaki, wakafa mamia.

Kufunga kwenyewe si kazi. Ndoo ya lita 20 inaingia kama kilo 15, ndani mfuko wa Mylar, yaani plastiki nene yenye utando wa alumini usiopitisha hewa, juu unaweka kipakti cha kufyonza oksijeni cha saizi ya 2000 (sentimita za ujazo za oksijeni), unabana kwa pasi ya moto. Fukusi hutaga mayai ndani ya punje yenyewe kwa hiyo hata ngano inayoonekana safi inaweza kuwa nao, ila hewa ikiisha wanakufa. Ni kanuni ile ile ya mifuko ya tabaka tatu ya kuhifadhia nafaka iitwayo PICS wanayotumia wakulima wengi nyumbani siku hizi, na ile ilitoka huku huku, chuo cha Purdue, Indiana. Nilivyojua hilo nilifurahi mno, badala ya kupulizia dawa za sumu kwenye chakula unawanyima wadudu pumzi tu.

Ila kuna kitu huku sikubaliani nacho kabisa. Wanafunga, wanapanga, alafu hawagusi. Yule jamaa na ndoo zake zote hakuwa na hata mashine ya kusagia. Sasa umeme ukikatika utafanyaje, na tumbo lisilozoea ngano nzima ukiliingizia kila siku kwa ghafla lazima likusumbue, na huenda mwanao hawezi kabisa ngano na hujui. Nyumbani ghala lilikuwa ni la kula, la mwanzo kuingia la mwanzo kutoka, na mtoto wa miaka sita alijua limefika wapi. Hilo ndo nimelichukua kwetu. Nimenunua kinu cha mkono, kizito kweli, mwanangu anazungusha huku anahesabu, na siku hatusagi naloweka punje usiku, asubuhi zinachemka kama saa moja tunakula hivyo hivyo nzima.

Tuko wanne, tuna ndoo kumi, tunakula ya zamani kuliko zote na kila ikiisha moja inafungwa nyingine. Jumamosi hii tunafungua ya 2021.