Toleo jipya la likelemba

Mdogo wangu hakukosea hesabu hata moja, na hilo ndilo lililotuua.

Sisi vijana wa huku Kadutu, Bukavu, Jumamosi tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa Marekani mwaka 1974. Mmoja anasimulia, wengine wanajifanya mashujaa, na kete ya pande 20 inaamua nani anakufa. Msimulizi ni mimi. Kitabu cha mazimwi nilichorithi kwa mjomba ni cha toleo la pili, la 1989, lakini wachezaji wangu wanafuata sheria za toleo la tano, la 2014. Kwa hiyo zimwi langu ni kama mtu aliyevuka mto Ruzizi kuingia Rwanda na faranga zake za Kongo: ng'ambo hesabu ni nyingine.

Kichwa kinaumia kwenye kinga, namba inayosema ni vigumu kiasi gani kumpiga mtu. Zamani kinga ilihesabiwa kwenda chini. Mtu asiyevaa chochote cha vita alikuwa na 10, na chini ya sifuri ndiko walikokaa wabaya wenyewe. Kimwangaza cha kinamasini, kile kinachopoteza wasafiri usiku, kilikuwa na -8. Toleo la tatu lilipokuja mwaka 2000 likapindua kila kitu, namba kubwa ndiyo ikawa nzuri. Kanuni ya kuhamisha ni nyepesi: chukua 20, toa kinga ya zamani. Mtu mtupu anabaki na 10 huku na huku, kimwangaza kinapanda hadi 28. Hiyo ni ya kuanzia tu, jamani. Troli, lile jitu la kutisha, la zamani lina kinga 4, kanuni inakupa 16, kitabu kipya kinasema 15. Na damu yake, yaani kiasi cha mapigo anachovumilia kabla ya kufa, iliyokuwa wastani wa 33, sasa ni 84. Ukihamisha kinga ukasahau damu, wachezaji watammaliza troli kabla chai haijapoa. Nimelisema hili mpaka nimechoka.

Ijumaa umeme ukakatika. Nikamwambia mdogo wangu achukue daftari la bluu mezani, kila namba aitoe kwenye 20, afute ya zamani, aandike mpya. Mimi nikatoka kutafuta pa kuchaji simu.

Mezani kulikuwa na madaftari mawili ya bluu. Duka moja, rangi moja. Wa kulaumiwa hapo simwoni.

La pili lilikuwa la mama. Mama ndiye mtunza sanduku wa likelemba ya akina mama wa sokoni. Kila mmoja anatoa dola 20 kwa mwezi, anabeba mmoja kwa zamu. Mama anaandika kwa penseli jina la biashara ya mtu na deni lililobaki. Sambaza, wale samaki wadogo, 0. Nyama 10. Pilipili 20. Makala, yaani makaa, -5, kwa sababu alikuwa ametanguliza dola 5 za mwezi ujao. Mdogo wangu amezoea kuona nikiyapa mazimwi majina ya Kiswahili ili wachezaji waogope vizuri. Alipoona Pilipili na Makala hakushtuka.

"Yaya, yule Makala ni hatari," aliniambia niliporudi. "Amefika 25!"

Nikampongeza.

Jumapili baada ya misa akina mama wakajaa uani. Mama akavaa miwani. "Sambaza, deni 20." Mama Sambaza, aliyelipa zote mkononi mwa mama, akasimama. "Makala, 25." Mama Makala hakusema neno, alifungua kitenge akakifunga upya, kwa nguvu. "Pilipili... sifuri." Mama Pilipili, ambaye mwezi mzima hajatoa hata senti, akasema: "Amina."

Kwa mujibu wa daftari, hata mama yangu alikuwa anadaiwa 20 na sanduku analolilalia.

"Mimi yangu ni 10, iko sawa," akasema Mama Nyama. "Daftari haina kosa." Ushahidi huo ndio uliomaliza kabisa amani.

Mdogo wangu akaitwa. Akaeleza kinga, akaeleza toleo la pili na la tatu, akina mama wanamtazama tu. Mwisho Mama Sambaza akauliza: "Sasa ukitoa tena kwenye 20, si zitarudi?"

Akajaribu Makala. 20 kutoa 25, -5. Zilirudi zote. Nina wachezaji wawili wa chuo kikuu. Hakuna aliyewahi kuligundua hilo.

Mama Pilipili peke yake alikataa. "Mutoto amesema mwenyewe, watu wanafuata toleo jipya. Munanirudisha kwa lile la zamani kwa nini?"

Wakamkodolea macho. Akafungua Biblia yake, akatoa katikati noti ya dola 20 isiyo na hata mkunjo, akaiweka mezani polepole. Kisha akamvuta mdogo wangu pembeni.

"Mutoto wangu," akamnong'oneza, "toleo lingine litatoka lini?"